Mlango wa Baraza Usifungwe

Kila mara mataifa yanapokutana kuzungumza habari za haki za binadamu na amani, huonekana watu wa namna mbili. Wako wajumbe wa serikali, walioketi nyuma ya vibao vyenye majina ya nchi zao. Hao ndio wapigao kura na kutia sahihi. Na wako wengine wasio na kibao wala kura: wanasheria, wajane wa vita, watu waliokatwa miguu na mabomu, viongozi wa dini, walimu na waandishi. Hao huja kwa jina la vyama vya raia, ambavyo siku hizi huitwa asasi za kiraia. Hukaa viti vya nyuma, na pengine hukaa nje ya ukumbi kabisa, wakigawa karatasi na kuwangoja wajumbe mlangoni.

Swali linaloulizwa mara kwa mara, na viongozi na hata na wananchi wa kawaida, ni hili: watu hawa wametumwa na nani? Serikali imechaguliwa, wao hawakuchaguliwa. Serikali ndiyo itakayobeba gharama ya mkataba, wao hawataibeba. Basi kwa nini wapewe nafasi ya kusema mbele ya mataifa?

Swali hili si la kipuuzi, wala hatutaki kulijibu kwa kelele. Twataka kulipima kwa mambo yaliyokwisha kutokea, na hasa yale yaliyotokea kwetu. Twasema kwetu kwa sababu mji wetu wa Arusha na nchi iliyo chini ya Mlima Meru vina historia ndefu katika jambo hili, na leo vinatudai jibu.

Wameru mbele ya mataifa

Mkutano uliouanzisha Umoja wa Mataifa ulifunguliwa mjini San Francisco tarehe 25 Aprili 1945. Mataifa 50 yalihudhuria. Kutoka bara zima la Afrika yalikuwako manne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika ya Kusini, na hiyo ya mwisho ilisemewa na watu weupe wachache walioitawala. Sisi wengine tulisemewa na watawala wetu. Hata hivyo, serikali ya Marekani ilikuwa imealika vyama 42 vya raia wake kuwa washauri wa ujumbe wake, na kimojawapo kilikuwa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi wa nchi ile, kilichowakilishwa na Walter White, W.E.B. Du Bois na Mary McLeod Bethune.

Rasimu iliyotangulia, iliyoandikwa na madola makubwa, ilizigusa haki za binadamu kwa maneno machache sana. Vyama vile vilishikilia, pamoja na mataifa madogo, mpaka Hati ya Umoja wa Mataifa ikaagiza iundwe tume ya haki za binadamu, na kifungu chake cha 71 kikaruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na vyama visivyo vya serikali. Kifungu kingine, cha 87, kilikubali kwamba watu wa nchi zilizo chini ya udhamini, kama Tanganyika, waweze kupeleka maombi yao mbele ya Baraza la Udhamini. Wakoloni walikuwa na viti vyao humo, lakini mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

Wa kwanza kupita mlango ule kutoka Tanganyika hakuwa mkubwa wa serikali. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi wa Kizungu kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, waende New York. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza jinsi watu wake walivyotolewa katika nyumba zao. Wameru hawakurudishiwa mashamba yao kwa safari ile. Lakini Mwingereza, aliyezoea kuripoti habari za Tanganyika peke yake, siku ile alilazimika kumsikiliza mtu wa Tanganyika akiripoti habari zake mwenyewe, na dunia ikasikia pande zote mbili.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Machi 1955, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa kimetimiza miezi minane tu tangu kuzaliwa. Hakuwa waziri, wala mbunge, wala mjumbe wa serikali yoyote. Alikuwa mwalimu wa shule ambaye nauli yake ilichangwa. Wakoloni nao waliuliza swali lile lile: huyu ametumwa na nani? Jibu walilipata tarehe 9 Desemba 1961.

Kwa hiyo basi, taifa letu haliwezi kuvicheka vyama vya raia vinavyobisha hodi kwenye mikutano ya dunia, kwani nasi tulianza kwa kubisha hodi. Wala tusisahau jambo moja katika habari ya Kirilo Japhet, ambalo tutalirudia huko mbele: alipoulizwa ametumwa na nani, aliweza kuwataja waliomtuma, na waliomtuma walikuwa wametoa senti zao wenyewe.

Mabomu ya ardhini

Wako watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya ukoloni, na kwamba leo kila nchi ina serikali yake, kwa hiyo raia hana haja ya kusema pembeni ya serikali yake. Hebu tuangalie habari ya mabomu yanayotegwa ardhini.

Bomu la namna hii halimjui adui wala rafiki. Vita huisha, majeshi hurudi nyumbani, nalo hubaki udongoni likimngoja mama aendaye kuchota maji au mtoto achungaye mbuzi. Jirani zetu wa Msumbiji waliyajua mabomu hayo tangu vita vya kumng'oa Mreno, ambaye aliyatega mpaka karibu na mto Ruvuma, na wakaendelea kuyajua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Angola, Kambodia na Afghanistan ziliyajua vivyo hivyo.

Serikali za dunia zilikuwa zimekwisha kuyajadili. Mwaka 1980 zilitunga mkataba juu ya silaha za namna hiyo, na kati ya 1995 na 1996 zikakutana tena Vienna na Geneva kuurekebisha. Lakini katika mikutano ile hakuna lililopita ila kwa kauli ya wote, maana yake dola moja tu iliweza kuzuia neno lisilolitaka. Mwezi wa Mei 1996 wajumbe wakaondoka na maandishi yaliyopunguza madhara kidogo na kuyaacha mabomu yenyewe yakiwa halali.

Wakati huo vyama sita vya raia vilikuwa vimeungana tangu mwaka 1992 katika kampeni moja ya kuyapiga marufuku mabomu hayo, na Jody Williams wa Marekani akawa mratibu wake. Vyama hivyo vilikuwa na watu waliofanya kazi hospitalini, wakitengeneza miguu ya mbao na kuhesabu majeruhi. Wajumbe wa serikali waliposema kwamba mabomu yana faida kwa jeshi, wao walileta mahesabu ya hospitali, na waliwaleta waliojeruhiwa wenyewe wakae mbele ya wajumbe. Wazee wetu walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hapa walikuwako watu walioonja adhabu hiyo na wakabaki hai kuisimulia.

Mwezi wa Oktoba 1996 waziri wa mambo ya nje wa Kanada, Lloyd Axworthy, alivunja mzunguko ule kwa kuyaalika mataifa yaliyo tayari yarudi Ottawa baada ya mwaka mmoja kutia sahihi mkataba wa kuyakataza kabisa. Mkataba wenyewe ulijadiliwa Oslo mwezi wa Septemba 1997, na safari hii kampeni ya raia ilipewa kiti ndani ya ukumbi. Marekani ilitaka iachiwe nafasi ya kuyatumia katika Korea; mkutano ukakataa, na Marekani haikutia sahihi. Tarehe 3 na 4 Desemba 1997 mataifa 122 yalitia sahihi Ottawa. Wiki hiyo hiyo iliyofuata, kampeni ile na Jody Williams walikabidhiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na aliyeipokea kwa niaba ya kampeni alikuwa Tun Channareth, Mkambodia aliyepoteza miguu yake yote miwili kwa bomu la ardhini.

Mkataba ukaanza nguvu tarehe 1 Machi 1999, na mkutano wa kwanza wa wanachama wake ukafanyika Maputo mwezi wa Mei mwaka ule. Kila mwanachama alipaswa kuharibu akiba yake katika miaka minne, na kusafisha ardhi yake katika miaka kumi, ila akiomba kuongezewa muda. Nani angetazama kama ahadi zinatimizwa? Ni vyama vile vile vya raia vilivyoanza kutoa taarifa kila mwaka, nchi kwa nchi, na taarifa hizo ndizo wajumbe wa serikali huzisoma wanapokutana.

Nchi yetu nayo imechangia kwa namna ya pekee. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la hiari liitwalo APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa baruti iliyofukiwa ardhini. Panya waliofundishwa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, na mwezi wa Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana yamesafishwa. Mmoja wa panya hao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa maisha aliyoyaokoa. Watu huicheka habari hii, lakini mkulima anayelima leo pale ambapo jana hakuthubutu kukanyaga hacheki.

Twaona basi kwamba vyama vya raia huleta mambo matatu katika mkutano. Huleta ushahidi, ambao serikali pengine haina au haitaki kuuonyesha. Huleta maneno ya kuandikwa katika mkataba, kwa sababu wamelifikiri jambo moja kwa miaka mingi, hali mjumbe wa serikali ana mambo hamsini mezani. Na baada ya bendera kukunjwa na wajumbe kurudi kwao, hubaki wakilinda ahadi iliyotiwa sahihi. Kura hawana, na sisi hatusemi wapewe. Kura ni ya taifa. Lakini kura inayopigwa bila ushahidi ni kura ya kubahatisha.

Wanawake wa Burundi

Mfano wa pili ulitokea Arusha. Mazungumzo ya kuleta amani Burundi yalianza huko mwaka 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kufariki kwake tarehe 14 Oktoba 1999 yakaongozwa na Nelson Mandela. Pande 19 zilikuwako mezani: serikali, bunge na vyama vya siasa. Waliozungumza walikuwa karibu wote wanaume. Wanawake wa Burundi, Wahutu na Watutsi, walikuwa wamekwisha kuanza kukutana wao kwa wao na kusaidiana nchini mwao, lakini walipoomba nafasi katika mazungumzo walionekana kama wageni wasioalikwa katika msiba wao wenyewe.

Hawakukata tamaa. Walikuja Arusha, wakakaa vikaoni nje ya vikao, wakazungumza na wapatanishi na wajumbe wa nchi za nje. Mwaka 2000 waliruhusiwa kuingia kama watazamaji, na mwezi wa Julai mwaka huo ukafanyika Arusha mkutano wa wanawake wa pande zote za mazungumzo, ulioandaliwa na shirika la wanawake la Umoja wa Mataifa pamoja na Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Wakatoa mapendekezo ya pamoja: haki ya mwanamke kumiliki na kurithi ardhi, elimu kwa wasichana, na kuadhibiwa kwa waliowabaka wanawake wakati wa vita. Mengi yaliingia katika mkataba uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Dai lao la kupewa asilimia 30 ya nafasi za uongozi halikukubaliwa siku ile, lakini katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ililiweka.

Hatutamdanganya msomaji kwamba amani ilishuka Burundi siku ile ya Agosti. Makundi yenye silaha yaliyokuwa nje ya mazungumzo yaliendelea kupigana kwa miaka kadhaa. Tunalosema ni kwamba mambo ya ardhi na ya ubakaji, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiwangoja wakimbizi warudio nyumbani, yasingaliandikwa kama wasingalikuwako waliyoyajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tarehe 31 Oktoba mwaka ule ule, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325 juu ya wanawake, amani na usalama, baada ya kusukumwa sana na vyama vya raia vya nchi nyingi.

Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika ilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Wazo lake lilisukumwa na mkutano wa wanasheria wanawake wa WiLDAF uliofanyika Lomé, Togo, mwaka 1995. Serikali zikaipitisha Maputo tarehe 11 Julai 2003, na ikaanza nguvu Novemba 2005.

Makosa yao

Baada ya kuvisifu vyama hivi, haki yadai tuseme na kasoro zao, maana mficha uchi hazai.

Kasoro ya kwanza ni fedha. Vyama vingi vya Afrika huishi kwa misaada ya wafadhili wa nchi tajiri. Hatusemi kwamba kila apokeaye msaada ameuza ulimi wake. Hata serikali zetu hupokea misaada. Lakini mwenye fedha ndiye mara nyingi aamuaye lipi litazungumzwa mwaka huu na lipi litangoja. Ndiyo maana pengine utaona semina nyingi katika hoteli za mjini juu ya jambo moja, hali wanakijiji wanalalamikia jambo jingine kabisa.

Kasoro ya pili ni kwamba mikutano hii hutawaliwa na vyama vya Ulaya na Marekani. Vyenye hadhi ya ushauri katika Baraza la Uchumi na Jamii vimepita 6,000, lakini kuwa na hadhi si sawa na kuwa na nauli. Chama chenye ofisi New York au Geneva hufika kila kikao. Chama cha Kigoma au Tabora hungoja viza, na viza ikikawia mkutano huisha. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika husemewa tena, safari hii na watu wenye nia njema. Nia njema haitoshi. Kusemewa ni kusemewa.

Kasoro ya tatu ni ya kwetu. Wako wajumbe wa vyama wanaorudi kutoka mikutanoni na picha, lakini hawarudi na taarifa. Mkataba hubaki kwa Kiingereza katika kabati la ofisi. Kirilo Japhet alikuwa na watu wa kuwarudia, akawarudia. Chama ambacho hakiwezi kuonyesha waliokituma, na ambacho hakiwarudii, hakina budi kuvumilia swali tuliloanza nalo.

Hata hivyo twaomba tueleweke. Kasoro hizi ni sababu ya kuvitaka vyama vijirekebishe. Si sababu ya kuvifungia nje. Serikali zenye makosa ni nyingi, na hakuna aliyependekeza kwamba mikutano ya mataifa ifanywe bila serikali.

Milango inayofungwa

Jambo linalotufanya tuandike hivi leo ni kwamba milango mingi iliyofunguliwa kwa jasho inarudishwa kimyakimya.

Katika Umoja wa Mataifa, kamati ya mataifa 19 ndiyo hupima maombi ya vyama vinavyotaka hadhi ya ushauri. Mjumbe mmoja akitaka kuchelewesha, huuliza swali. Likijibiwa huuliza jingine katika kikao kijacho, na vyama vingine vimezungushwa hivyo kwa miaka. Hakuna aliyekataa, lakini hakuna aliyeingia.

Mwaka 2025 mataifa matano ya Ulaya, yaani Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland, yalichukua hatua ya kujitoa katika mkataba wa mabomu ya ardhini, yakitaja hofu ya Urusi iliyoivamia Ukraine mwaka 2022. Hofu hiyo si ya kuchezewa, nasi hatukai mpakani mwao. Lakini mkataba unaoshika wakati wa amani peke yake una faida gani? Msumbiji na Angola zilipotakiwa kuacha silaha hiyo, nazo zilikuwa zimetoka vitani na hazikukosa maadui. Mnyonge akiambiwa silaha fulani ni haramu, na mwenye nguvu akaja kuihalalisha siku anapoogopa, sheria yenyewe huwa imegeuka kuwa ya wanyonge tu.

Na sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Juni 1998 mataifa ya Afrika yalikubaliana Ouagadougou kuunda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama hiyo ina makao yake Arusha tangu 2007. Itifaki yake, katika kifungu cha 34(6), yasema kwamba raia au chama cha raia hakiwezi kwenda moja kwa moja mahakamani hapo ila nchi yake iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu. Mataifa zaidi ya 30 yameridhia itifaki, lakini ni 12 tu yaliyowahi kutoa tamko hilo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hayo tangu 2010, na hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Mlango huo ulitumika. Kesi ya mgombea binafsi, iliyoamuliwa Juni 2013, ilifikishwa hapo na Mchungaji Christopher Mtikila, pamoja na vyama viwili vya raia, Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kesi nyingi zaidi zilitoka kwa wafungwa walioandika kutoka magerezani, wakidai kwamba walihukumiwa vifungo virefu bila kupewa wakili. Hao hawakuwa na mfadhili wala semina hotelini. Walikuwa na kalamu na mlango uliokuwa wazi.

Mwezi wa Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lile, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Sababu iliyotolewa ni kwamba tamko lilikuwa likitekelezwa kinyume cha masharti yaliyowekwa lilipotolewa, yaani kwamba mlalamikaji amalize kwanza njia zote za mahakama za nchini, na kwamba Katiba ya nchi izingatiwe. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020, na Tunisia 2025.

Masharti yale twayaelewa. Ni sawa kabisa kwamba mtu asiruke mahakama za nchi yake. Lakini kama majaji wanalisoma sharti vibaya, mahali pa kuwaeleza ni mbele yao, kwa hoja za wanasheria wa serikali, ambao hawakosi ujuzi. Mwenye nyumba akigombana na mgeni mmoja juu ya namna ya kuingia, hazibi mlango na kuwaacha watoto wake nje. Tena mahakama hii haikuletwa na Mzungu. Ni ya Waafrika, imeundwa na Waafrika, na sisi ndio wenyeji wake. Ni aibu isiyo na lazima kwamba raia anayeishi chini ya Mlima Meru, mahali alipotoka Kirilo Japhet kwenda kuutafuta mlango wa haki ng'ambo ya bahari, apite leo mbele ya mlango wa haki ulio mjini kwake na asiweze kuubisha.

Njia ya Tume ya Afrika iliyoko Banjul bado iko wazi, na Waogiek wa Kenya waliionyesha faida yake. Kenya haikuwa imetoa tamko, lakini vyama vya raia vilipeleka malalamiko yao Banjul mwaka 2009. Tume ikayafikisha Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba haki zao juu ya msitu wa Mau zilivunjwa. Ni njia ndefu. Wenye subira na wanasheria waweza kuipita. Mfungwa mwenye kalamu peke yake hawezi.

Yatupasayo

Twaona mambo matatu yafaa yafanywe.

La kwanza ni la serikali. Irudishe tamko la kifungu cha 34(6), na masharti yake yaandikwe wazi kiasi cha kutoacha nafasi ya ugomvi. Na kabla ya kila mkutano mkubwa wa haki au wa amani, iviite vyama vya raia na kuvisikiliza. Baada ya mkutano, taarifa iletwe bungeni, ili wananchi wajue ni nini kilichokubaliwa kwa jina lao.

La pili ni la vyama vyenyewe. Kila kimoja kitangaze hadharani fedha zake zimetoka wapi na kimetumwa na nani. Kitakapokwenda kusemea wafugaji, awemo mfugaji katika msafara. Kitakapokwenda kusemea wakimbizi, awemo mkimbizi. Kikirudi, kieleze kwa Kiswahili, lugha ambayo Umoja wa Afrika wenyewe uliikubali mwaka 2022 kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Na michango midogo ya wanachama isidharauliwe, kwani senti ya mwanachama ndiyo hati ya utume.

La tatu ni la sisi wananchi. Tumezoea kuidhani mikutano ya mataifa kuwa mambo ya wakubwa. Wameru hawakudhani hivyo mwaka 1951, wala wanawake wa Burundi mwaka 2000, wala wafungwa waliomwandikia jaji kutoka vyumba vyao. Anayeonewa ana haki ya kusikika mahali popote uonevu wake unapozungumzwa, na serikali iliyo na hakika ya uadilifu wake haipotezi kitu kwa kumwacha aseme. Ikiwa amesema uongo, utajulikana, na waliomtuma watakuwa wa kwanza kuona aibu. Ikiwa amesema kweli, afadhali kweli hiyo isemwe barazani, mbele ya wenye uwezo wa kuiponya, kuliko kunong'onwa njiani mpaka iwe chuki.